Bi Hinchliffe, Aliyetafsiri Kiingereza kwa Kiingereza

Beryl Hinchliffe alipiga deki wodi namba nne ya wanaume kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo yote sikumwona hata siku moja akifanya haraka. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, kichwani kafunga kitambaa cha maua, mikono imekuwa myekundu kwa maji ya moto. Mumewe, Clifford, alichimba makaa ya mawe kama baba yake na babu yake. Skelthorpe, mji wetu mdogo wa machimbo kule Yorkshire, Uingereza, kila mwanamume alichimba makaa isipokuwa mchungaji, mwalimu na muuza samaki wa kukaanga, na hao watatu watu waliwaonea huruma kidogo.

Mimi nilikuwa nesi wa wodi hiyo hiyo. Siku niliyoripoti kazini, Beryl aliegemea mpini wa deki lake akanitazama juu mpaka chini.

"Unaitwa nani, mpenzi?"

"Mwanaidi."

"Jina tamu. Lakini mpaka nilimalize, chai itakuwa imepoa. Utakuwa Ada."

Nikawa Ada. Skelthorpe yote ikaniita Ada, hata kwenye kadi ya maktaba.

Watu wa Skelthorpe wanasema Kiingereza, na usithubutu kuwabishia hilo. Ila wanakisema kwa namna yao. Kile kineno kidogo ambacho Waingereza wengine hukitanguliza mbele ya kila kitu, wao wanakimeza. Ukitega sikio unasikia kama kwikwi. "Wewe" yao ni ile ya kale, ambayo wenzao wamembakishia Mungu kanisani. Skelthorpe wanaambiwa hivyo mbwa, wake na waamuzi wa mpira. Na kila mtu ni mpenzi. Kondakta wa basi ni mpenzi, polisi ni mpenzi, na mchimba makaa mwenye kilo mia akimkanyaga mchimba makaa mwenzake husema, "Samahani, mpenzi," na hakuna anayecheka.

Sikushangaa sana. Nilipotoka Pemba kwenda kusoma Unguja mjini, wenzangu walikuwa wakinisemesha makusudi ili wapate kucheka. Kwa hiyo nilifika Yorkshire nimeshazoea kuchekwa ndani ya lugha yangu mwenyewe, na masikio yangu yalikuwa macho.

Beryl yeye alikuwa na Kiingereza cha aina mbili. Alipokuwa na miaka kumi na minne walimpeleka Harrogate kuwa mtumishi wa ndani kwa mjane wa jaji mmoja. Yule bibi hakuvumilia matamshi ya machimboni. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, Beryl alisimama kwenye zulia akamsomea gazeti kwa sauti, na akiteleza herufi moja anaanza ukurasa upya. Ilikuwa hivyo miaka minne. Akarudi nyumbani akisema kama mtangazaji wa redio pale alipotaka, na kutaka kwenyewe kulikuwa nadra.

"Kile cha Harrogate ni kama sahani zangu za harusi," aliniambia. "Zinatoka wageni wakija, halafu zinarudi kabatini kabla hazijavunjika."

Mwaka 1973 akaletwa Daktari Seshadri kutoka Madras, kijana mwembamba, nguo zake zimepigwa pasi mpaka ungedhani na soksi zimepitiwa. Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko cha mtu yeyote hospitalini, mganga mkuu akiwemo. Alifanya mtihani wa lugha kabla ya kupewa kazi, na waliomsahihisha walimwandikia barua ya pongezi.

Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa Jabez Oldroyd, mzee wa miaka sitini na mmoja, kifua kimejaa vumbi la makaa.

"Unafanya kazi gani, Bwana Oldroyd?"

"Sasa hivi nacheza tu, mpenzi."

Daktari akaandika kwenye faili: mwanamichezo. Sista Ogden, mkuu wa wodi yetu, alipolisoma faili lile ilibidi akae kitini. Skelthorpe mtu asiyekwenda kazini, kwa ugonjwa au kwa mgomo, husema anacheza.

Kesho yake Daktari akamuuliza mzee yule yule ameamkaje.

"Nakufa njaa, mpenzi," akasema Jabez, meno yakigongana.

Akaletewa uji. Akala. Alipoulizwa tena akasema bado anakufa njaa, akaletewa bakuli la pili. Mzee hakutaka kumvunjia moyo mgeni, akala na la tatu, huku anatetemeka mpaka kijiko kinapiga ngoma kwenye bakuli. Beryl alikuwa akipiga deki chini ya dirisha. Akavumilia, halafu akatoa sahani zake za harusi.

"Daktari, huyu bwana haoni njaa. Anaona baridi. Neno hilo kwetu ni baridi."

Daktari aligeuka kutazama ni mke wa mkubwa gani aliyeingia wodini. Hakuona mtu ila mwenye ndoo.

"Nashukuru, Bi Hinchliffe," alisema kwa upole uliokaza. "Lakini nadhani mimi na mgonjwa wangu tunaelewana."

"Kama unavyosema, Daktari," akasema Beryl, akanyoosha mkono, akafunga dirisha.

Kilichomvunja Daktari Seshadri ni Wilf Lumb. Wilf alikuwa na kisukari. Alilazwa wiki mbili, chakula chake kinapimwa, na kila ukipima damu sukari imepanda. Daktari aliongeza dawa, sukari ikapanda. Akabadilisha chakula, ikapanda tena. Akaanza kusoma vitabu wakati wa chakula cha mchana, uma mkono mmoja, kalamu mkono wa pili. Mwishowe akaketi kando ya kitanda.

"Bwana Lumb, niambie kweli. Unakula nini kingine?"

"Hakuna, mpenzi. Viungo tu, kidogo kidogo. Mke wangu Ivy ananiletea."

Uso wa Daktari ukachangamka. Lilikuwa neno la kwanza tangu aje Skelthorpe lililomkumbusha kwao.

"Ah, viungo! Hivyo havina ubaya hata kidogo. Kwetu tunakula asubuhi, mchana na jioni. Hata watoto. Bibi yangu alikuwa akisema vinasafisha damu."

"Hata baada ya chakula?"

"Hasa baada ya chakula."

Wilf alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Mimi nilikuwa upande wa pili wa wodi nafunga bandeji, sikusikia lolote kati ya hayo; nilisimuliwa baadaye. Niliyaona matokeo Ijumaa, siku ya kugeuza magodoro. Beryl aliinua godoro la Wilf, na karatasi zikamwagika sakafuni, za kijani, nyekundu, za dhahabu, mia na zaidi, zikatufunika viatu. Daktari alikuwa anapita.

"Hizi ni nini?"

"Viungo, Daktari."

"Viungo?"

"Ndivyo tunavyoviita huku. Nyinyi mliosoma mnaita peremende."

Daktari aliinama akaokota moja ya dhahabu.

"Nimemwambia aongeze," alisema taratibu.

"Naye amekutii. Hajawahi kumpenda daktari namna hii. Amemwandikia barua dada yake Rotherham."

Wilf naye alipoelezwa ukweli alipiga kofi shuka. "Nilijua! Nilimwambia Ivy, huyu daktari ni mzuri mno, lazima watamkataza!"

Jumatatu iliyofuata, saa nne asubuhi, Daktari Seshadri alianza mzunguko wake wa vitanda. Alisimama kitanda cha kwanza, akakohoa.

"Bi Hinchliffe, nadhani sakafu ya hapa haijatakata."

"Niliipiga deki saa kumi na mbili, Daktari."

"Naona doa."

Beryl akatazama sakafu, akamtazama yeye. "Doa," alisema. "Ndiyo. Sasa nami naliona."

Tangu siku hiyo madoa yalikuwepo kila kitanda, kila asubuhi. Mgonjwa anasema, Beryl ananong'ona na deki lake, Daktari anaandika. Alimfundisha mengi kwa njia hiyo. La kwanza lilikuwa hili: mtu wa Skelthorpe akisema anakufa, ana mafua, akisema amechoka kidogo tu, kimbia ukalete mashine. Wagonjwa walilijua fika jambo lile na walilipenda. Wengine walitafuta maneno ya bibi zao yaliyokwisha kusahaulika, ili kumjaribu. Jabez Oldroyd alileta moja lililomshinda hata Beryl.

"Hilo umelitunga, Jabez."

"La baba yangu hilo!"

"Baba yako alikuwa mgonjwa wa kifua. Si neno hilo, ni kikohozi."

Hayo yaliendelea mwaka na zaidi, mpaka alipokuja Bwana Peregrine Fanshawe kuwa mkurugenzi wa utawala. Alitoka kusini, Surrey, na alisema huku midomo imebana kama fundi cherehani aliyeshika pini. Jumatatu moja asubuhi aliingia wodini kwa hatua ndefu, na sakafu ile, ambayo ilikuwa imepigwa deki mara nane tangu alfajiri, ikamchukua. Aliteleza toka mlangoni mpaka kitanda cha sita, akalidaka pazia, pazia likang'oka, akaketi juu ya mapaja ya Jabez Oldroyd.

"Karibu, mpenzi," alisema Jabez. "Ungesema tu, ningesogea."

Bwana Fanshawe akataka kujua kwa nini sakafu moja inapigwa deki saa nne, wakati madaktari wanapita. Hakuna aliyetaka kujibu. Kisha Daktari Seshadri, masikio yamemwiva, akasema ukweli wote.

"Mkalimani?" Bwana Fanshawe aliuliza. "Wa lugha gani?"

"Kiingereza, bwana."

"Na wagonjwa wanasema nini?"

"Kiingereza, bwana."

Bwana Fanshawe alisema hajapata kusikia upuuzi kama huo. Siri za wagonjwa si za kusikilizwa na mfagizi. Kuanzia kesho Bi Hinchliffe atamaliza wodi kabla ya saa tatu na hataonekana humo mpaka mchana. "Hapa sote tunasema Kiingereza," alimalizia.

"Baadhi yetu," alisema Beryl, akabeba ndoo yake.

Ukweli ni kwamba katazo lile lilimuumiza. Siku tatu jikoni alikosha vikombe vilivyokwisha kukoshwa. "Miaka minne nilisimama kwenye lile zulia," aliniambia. "Nilidhani angalau imefaa kitu."

Wiki hiyo hiyo Bwana Fanshawe alibandika tangazo mlangoni. Aliliandika mwenyewe, kwa herufi kubwa: wageni wasiingie wakati madaktari wako wodini. Beryl alisimama akalisoma. Akalisoma tena. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu nikamwona anatabasamu.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Hakuna kitu, Ada."

"Beryl."

"Nimekatazwa kutafsiri," alisema, akaondoka zake anaimba.

Ijumaa walikuja wakaguzi wa mkoa: mabwana wawili na bibi mmoja mwenye kofia ya manyoya. Bwana Fanshawe aliwaleta waone mzunguko wa madaktari, jinsi wodi ilivyotulia. Nje kwenye ukumbi kulikuwa na wageni wapata arobaini wamekaa kwenye mabenchi, wake na watoto na majirani, wametulia vizuri sana, na Bwana Fanshawe aliwaonyesha wakaguzi utulivu huo kwa mkono. Madaktari wakaingia. Wakaguzi wakafuata.

Na nyuma yao wakaingia wageni wote arobaini.

Waliingia kama watu waliofunguliwa mlango wa uwanja wa mpira. Ivy Lumb mbele, na mfuko wake wa kufuma. Mzee Wilf alikuwa amelazwa tena, safari hii kwa kidole cha mguu. Watoto wakapanda vitandani. Mtu alikuwa na mbwa ndani ya koti. Daktari Seshadri, aliyekuwa anasikiliza kifua cha Jabez, alijikuta anasikiliza cha dada yake Jabez, aliyeinama kumbusu kaka yake. Mkaguzi mmoja akakabidhiwa pai la nyama, bado la moto, ashike kwa dakika moja tu, mpenzi.

"Hamjui kusoma?" Bwana Fanshawe alipiga kelele. "Tangazo liko mlangoni!"

"Tumesoma," alisema Ivy Lumb, amekasirika kikweli. "Ndiyo maana tumekaa kwenye baridi tangu saa tatu. Limesema tusiingie mpaka madaktari wawe wodini. Si hawa hapa? Au hao ni mafundi bomba?"

Kisha yule bibi mwenye kofia akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika chuma cha kitanda. Alikuwa mtu wa Leeds, na bibi yake mzaa mama alitoka vijiji vya huku. Kile kineno cha "wakati" alichokiandika Bwana Fanshawe, alimweleza huku anajifuta machozi, watu wa Yorkshire wanakitumia kwa maana ya "mpaka". Amewaamuru waingie, nao wametii.

"Hakuna mtu hapa ambaye angekuambia?" akauliza.

Wodi nzima ikageuka kutazama mlango wa jikoni. Beryl alikuwa amesimama pale na kikombe cha chai.

"Muulize huyo," alisema Jabez. "Ila mwombe vizuri. Amenuna."

Bwana Fanshawe hakuwa mtu mbaya. Mchana ule alikuja jikoni, akasimama kwa sababu hakuna aliyempa kiti.

"Bi Hinchliffe, inaonekana niliandika kinyume."

"Hukuandika kinyume, Bwana Fanshawe. Uliandika sawasawa kabisa, kwa watu wa Surrey." Akamsukumia kiti kwa mguu. "Kaa. Unaonekana unakufa njaa."

Akasita, akafikiri. "Ninaona... baridi?"

"Hapana, bwana. Safari hii ni njaa. Hujala mchana. Chukua biskuti."

Hivyo ndivyo lilivyoanza darasa la Jumanne, katika chumba cha kuwekea mashuka. Kila daktari mgeni alikaa humo saa nzima kabla hajakabidhiwa mgonjwa. Walikuja wa Lahore, wa Cairo, wa Colombo, na mmoja wa Cambridge ambaye alihitaji miezi miwili. Mtihani ulikuwa mmoja: Beryl analala juu ya marundo ya mashuka, anajifanya mchimba makaa mwenye ugonjwa anaoujua yeye tu, na daktari augundue. Hospitali ilitaka kumpa cheo na koti jeupe. Alikataa. Alisema akiitwa mwalimu watu wataacha kumpa umbea, na bila umbea hajui atafundisha nini.

Kisha Clifford, mumewe, akaugua. Kifua, kama wote. Daktari Seshadri alikwenda nyumbani kwao, mtaa wa nyuma ya mgodi, akamuuliza anajisikiaje. Clifford alikuwa amevaa shati safi kwa ajili ya daktari.

"Nimechoka kidogo tu, mpenzi," alisema.

Daktari hakuuliza swali la pili. Alivua koti lake, akalitundika nyuma ya mlango, akaketi, na hakuondoka mpaka jioni ya kesho yake, Clifford alipofumba macho. Beryl hakuwahi kulizungumza hilo. Ila tangu siku ile, kila Krismasi, Daktari alipata keki ya matunda ambayo sisi wengine tuliisikia harufu tu.

Baadaye Daktari alikwenda Glasgow, Uskochi, miaka miwili kuongeza masomo, akarudi daktari bingwa na tumbo dogo. Na ni vizuri kwamba alirudi, kwa sababu mwaka 1981 tukaletewa kijana anayeitwa Murdo Gillespie, Mskochi, nywele nyekundu, mchangamfu mno. Jumanne aliingia chumba cha mashuka. Baada ya robo saa Beryl akatoka peke yake, ameshika mlango.

"Ada, yule kijana ana jipu kooni?"

"Hana. Anatoka Glasgow."

"Amesema nami dakika kumi. Nimeokota neno 'mama'. Sijui ni mama yake au ametukana yangu."

Ikabidi aitwe Daktari Seshadri. Nilichungulia mlangoni. Wamekaa watatu juu ya mashuka: Mskochi anasema, Mhindi anamgeuzia Beryl kwa maneno ya Skelthorpe, yamejaa kwikwi na "wewe" ya kale, na Beryl anaitikia kwa kichwa, anasema sasa nimekupata, mpenzi, endelea. Walikuwa na heshima kama watu wanaopatanisha nchi mbili.

Beryl alistaafu mwaka 1988. Binti yake alikuwa ameolewa Oldham, ng'ambo ya milima, kule Lancashire, akamchukua. Ni mwendo wa saa moja na nusu kwa basi, lakini Beryl alifunga mizigo kama anakwenda Australia. Barua zake kwangu zilikuwa nyingi, na karibu zote zilihusu mkate. Ule mkate mdogo wa mviringo ambao Skelthorpe una jina lake, Oldham wanauita jina jingine kabisa. Mtaani kwa binti yake kulikuwa na duka moja tu la mkate. Beryl aliapa kwamba hatalitamka lile jina lao, na hatamfundisha muuzaji lile la Skelthorpe, kwa sababu sasa amestaafu. Aliingia, akaonyesha kidole, akainua vidole vinne, akalipa, akainamisha kichwa kushukuru, akatoka. Alifanya hivyo kila asubuhi kwa miaka kumi na moja.

Nilikwenda mazishini kwake na Daktari Seshadri, mvi zimemjaa. Kanisa lilijaa watu wa kwetu waliokuja kwa basi la kukodi, wakaimba kwa nguvu. Nje, kwenye mvua nyepesi, alitujia mzee mmoja mnene wa Oldham, kofia mkononi, unga bado umemganda kwenye nyusi. Alikuwa mwokaji. Alitupa pole, akasema marehemu alikuwa mteja wake bora, asiyewahi kukosa siku.

"Na alivyokuwa na adabu," alisema, akitikisa kichwa kwa huruma. "Tena masikini, bubu."

Daktari akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Ndiyo, mpenzi," Daktari akamwambia mwokaji. "Tangu kuzaliwa."